Kuulisha Mkaa Kabla ya Kuutia Udongoni: Mwongozo kwa Mkulima Anayejali Fangasi wa Mizizi

Mkaa si mbolea. Jambo hili lieleweke kabla mtu hajashika jembe wala kuwasha moto, kwa sababu makosa mengi ya wakulima wanaoanza kuutumia hutokana na kuutarajia ufanye kazi isiyo yake. Kipande cha mkaa wa mti kina kaboni nyingi, virutubisho vichache, na vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Kazi yake udongoni ni kushika maji na virutubisho ambavyo mvua ingevichukua, na kuwahifadhi viumbe wadogo ambao mmea unawategemea. Ukitiwa mkavu na mtupu, mkaa huanza kwa kuchukua kabla ya kutoa: hunasa naitrojeni iliyokuwa ikielekea kwenye mizizi, na mmea hukaa na njaa kwa wiki kadhaa au hata msimu mzima. Niliwahi kufukia mkaa mpya katika tuta la mahindi bila kuuchanganya na chochote, na haikuchukua muda majani ya chini yakageuka manjano, ilhali tuta la pembeni lisilo na mkaa lilibaki la kijani. Tangu siku hizo naamini kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla mkaa haujafika shambani, yaani kuulisha: kuujaza maji na virutubisho kwanza.

Mfano mkubwa kuliko yote unapatikana katika bonde la mto Amazon nchini Brazili, ambako kuna maeneo ya udongo mweusi unaoitwa kwa Kireno terra preta. Udongo wa asili wa bonde hilo kwa sehemu kubwa ni wa manjano au mwekundu, wenye tindikali kali na uliooshwa virutubisho na mvua nyingi, lakini katika maeneo hayo meusi mazao hustawi hadi leo, karne nyingi baada ya waliouunda kutoweka. Mwanasayansi wa udongo kutoka Uholanzi, Wim Sombroek, aliueleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1966. Ukichunguzwa hukutwa na mkaa mwingi, lakini pamoja na mkaa huo kuna mifupa ya wanyama na samaki, vigae vya vyungu, majivu na mabaki ya jikoni. Wenyeji wa kale hawakutia mkaa peke yake. Uliingia udongoni pamoja na kila kilichooza kutoka katika makazi yao. Nako Japani, ambako pumba za mpunga zilizochomwa zimetumika mashambani kwa muda mrefu, serikali iliuidhinisha mkaa kuwa kiboreshaji cha udongo mwaka 1984, na mtafiti Makoto Ogawa alitumia miaka mingi kuchunguza uhusiano wa mkaa na fangasi wa mizizi.

Fangasi hao na sababu ya kuwapenda

Neno fangasi humfanya mkulima afikirie ugonjwa, na ni haki yake, kwani wengi wao huozesha mizizi na kukausha majani. Wanaozungumziwa hapa ni kundi jingine kabisa. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la fangasi na la mzizi, akapata jina mikoriza, kueleza ushirika ambao fangasi na mzizi huishi pamoja kwa faida ya wote wawili. Katika mazao mengi ya chakula fangasi hao huingia ndani ya seli za mzizi, kisha hutandaza nyuzi zao nje, mbali kuliko vinyweleo vya mzizi vinavyoweza kufika. Nyuzi hizo hurudi na fosforasi, zinki na maji, na mmea hulipa kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Malipo hayo yanaweza kufikia takriban moja ya tano ya chakula chote ambacho mmea umejitengenezea. Mmea haungelipa kiasi hicho kama haungekuwa na faida.

Mahindi, mtama, ngano, maharage, kunde, nyanya, pilipili, vitunguu na mihogo yote huingia katika ushirika huu, na mihogo na vitunguu huutegemea sana kwa kuwa mizizi yao ni michache na haina vinyweleo vingi. Jamii ya kabichi, yaani kabichi yenyewe, sukuma wiki, figili na haradali, haiingii kabisa, wala spinachi. Mkulima wa kabichi tupu anaweza kufaidika na mkaa kwa njia nyingine, lakini asitarajie msaada wa mikoriza.

Mkaa huwasaidia fangasi hao kwa njia kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja. Unene wa uzi mmoja ni maikromita chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita, kwa hiyo uzi huo hupenya katika vitundu vya mkaa ambamo utitiri na wadudu wadogo wanaowala fangasi hawawezi kuingia. Ndani ya vitundu hivyo kuna unyevu unaokawia kukauka. Aidha, mkaa hunasa baadhi ya kemikali zinazotolewa na mimea mingine au na mabaki yanayooza, kemikali ambazo zingezuia spora, yaani chembe za uzazi za fangasi, kuota, na katika udongo wenye tindikali hupunguza ukali wake kwa sababu ya majivu uliyonayo. Hata hivyo, ni lazima niseme wazi kwamba si kila jaribio limeonyesha ongezeko la fangasi. Pale ambapo udongo tayari una fosforasi nyingi, au mkaa wenyewe umekuja na majivu mengi yaliyoongeza fosforasi, mmea huona hauna haja ya kuwalipa fangasi, na idadi yao hupungua. Mtu akimwaga mkaa pamoja na mbolea nyingi ya fosfeti kwa nia ya kukuza mikoriza, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Anza na udongo wako

Kabla ya kutafuta mkaa, pima pH ya udongo, yaani kipimo cha tindikali ambacho chini ya 7 huonyesha udongo una tindikali, ama kwa maabara au angalau kwa karatasi za kupimia. Udongo wenye tindikali, wa kichanga, au uliochoka kwa kulimwa miaka mingi bila kurudishiwa mabaki ndio unaofaidika zaidi. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika nchi za tropiki mavuno yaliongezeka kwa wastani wa takriban asilimia 25, ilhali katika nchi za ubaridi wa wastani, ambako udongo mara nyingi una rutuba na hauna tindikali nyingi, hakukuwa na ongezeko kwa wastani. Ikiwa pH ya shamba lako imezidi 7.5, ningekushauri usiongeze mkaa, kwa maana mkaa mwingi wenyewe una pH kati ya 7 na 10 na utazidi kuyafunga madini kama chuma na zinki. Kumbuka pia kwamba mkaa ukishachanganyika na udongo hautoki. Hukaa mamia ya miaka. Kwa sababu hiyo ni busara kujaribu tuta moja na kuacha jingine la kulinganishia.

Kupata au kutengeneza mkaa

Usikate mti kwa ajili ya kazi hii. Kukata mti ulio hai ili kurutubisha shamba ni hasara ambayo hakuna mavuno yatakayoifidia, na hakuna sababu ya kufanya hivyo wakati magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi, matawi yaliyopogolewa, mabua magumu na pumba za mpunga vinatupwa au kuchomwa ovyo. Chenga zinazobaki chini ya gunia la mkaa wa kupikia nazo zinafaa, mradi ziwe za mkaa halisi wa mti; mkaa uliofinyangwa kwa gundi au kuchanganywa na vitu vya kuusaidia kushika moto haufai. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia mchwa, na chochote chenye plastiki, visiingie kabisa, kwa sababu sumu zake zitabaki shambani pamoja na mkaa.

Njia nyepesi ya kuchoma mkaa nyumbani ni shimo lenye umbo la bakuli, la upana wa mita moja hivi mdomoni na kina cha sentimita 60, lililochimbwa mbali na nyasi kavu na majengo. Malighafi iwe imekauka vizuri. Washa moto mdogo wenye nguvu katikati ya shimo kwa vijiti vyembamba, usubiri hadi viwe makaa mekundu, na mara utakapoona majivu meupe yameanza kutanda juu yake, ongeza tabaka jembamba la malighafi kulifunika eneo lote. Tabaka hilo likifikia hali hiyohiyo, ongeza jingine, na uendelee hivyo hadi shimo lijae. Ndimi za moto zilizo juu hutumia oksijeni yote, kwa hiyo makaa yaliyo chini hayapati hewa ya kuyateketeza, nayo hubaki mkaa. Moshi ndio mwalimu wako: ukiwa mwingi, umeongeza malighafi haraka mno au ni mbichi, majivu yakiwa mengi, umechelewa. Shimo likijaa na ndimi zikififia, zima kwa maji mengi, geuza, na uzime tena hadi kusiwe na mvuke wala joto unapougusa. Mkaa uliozimwa nusu unaweza kuwaka tena saa nyingi baadaye, kwa hiyo usiuweke ghalani siku hiyohiyo. Kwa kilo 100 za malighafi kavu utapata takriban kilo 20 za mkaa, na usivunjike moyo, kwani hicho ndicho kiasi cha kawaida kwa njia hii.

Kagua ulichopata kabla ya kuendelea. Mkaa mzuri huvunjika kwa sauti kavu, hauna harufu kali ya moshi, na doa lake hutoka mkononi kwa maji matupu. Ukiacha utando wa mafuta unaohitaji sabuni, bado una lami ambayo inaweza kudhuru mbegu, na ni afadhali uurudishe motoni. Kwa uhakika zaidi, panda mbegu kumi za mmea unaoota haraka katika udongo mtupu, na nyingine kumi katika udongo uleule uliochanganywa na moja ya kumi ya mkaa. Zikiota sawasawa, mkaa wako ni salama.

Ponda mkaa ukiwa umelowa, ndani ya gunia au kinu, kwa sababu vumbi lake kavu lina madhara kwenye mapafu, na la pumba za mpunga ni baya zaidi kutokana na silika iliyomo. Funika pua na mdomo hata kama kazi ni ya dakika chache. Vipande vingi viwe vidogo kuliko punje ya mahindi, lakini usisage ukawa unga mtupu, maana unga hupeperushwa na upepo na huziba udongo wa mfinyanzi.

Kuulisha mkaa

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote, na ndiyo ambayo watu wenye haraka huiruka. Njia ninayoipenda kuliko nyingine ni kuuchanganya mkaa katika lundo la mboji tangu siku linapojengwa, ili sehemu moja ya mkaa iende na sehemu nne hadi tisa za majani, samadi na mabaki ya jikoni kwa ujazo. Mboji inapooza, mkaa hujaa maji yenye virutubisho, huvikwa utando wa vitu vilivyooza, na hupunguza naitrojeni inayopotea hewani kama amonia, jambo ambalo utalitambua kwa pua, kwani lundo lenye mkaa hunuka kidogo kuliko lisilo nao. Ligeuze kila wiki mbili, lisikauke, na ulipe muda wa wiki nane au zaidi.

Asiye na mboji anaweza kuloweka mkaa katika mkojo wa mifugo uliozimuliwa kwa maji, ndani ya pipa lililofunikwa, kwa wiki mbili, kisha akauchanganya na udongo wenye mabaki yaliyooza na kuuacha kivulini wiki mbili nyingine. Mfugaji ana njia rahisi zaidi: hunyunyiza mkaa uliopondwa na wenye unyevu sakafuni mwa banda, chini ya nyasi za kulalia, na wakati wa kusafisha banda mkaa huwa tayari umekunywa. Samadi ya kuku itumike kwa kiasi ikiwa lengo lako ni mikoriza, kwa sababu ina fosforasi nyingi.

Kuwaleta fangasi

Mashamba mengi tayari yana spora za mikoriza, ingawa katika udongo uliolimwa mara kwa mara, uliokaa bila mimea kwa miezi, au uliotiwa dawa za kuua fangasi, idadi yao huwa ndogo. Unaweza kuwazalisha mwenyewe, na huna haja ya kununua chochote. Chukua udongo pamoja na mizizi myembamba kutoka sehemu isiyolimwa kwa miaka kadhaa, penye nyasi na mimea ya jamii ya mikunde yenye afya, kwa kina kisichozidi sentimita 20. Usichukue chini ya mmea uliodumaa au wenye vinundu visivyo vya kawaida mizizini, usije ukahamisha minyoo fundo, wadudu wadogo wanaoshambulia mizizi. Changanya sehemu moja ya udongo huo na sehemu mbili za mchanga uliooshwa, ongeza kiasi kidogo cha mkaa uliolishwa, jaza katika vyungu vinavyopitisha maji, na upande mtama na kunde pamoja katika kila chungu. Fangasi hawa hawakui bila mzizi ulio hai, ndiyo maana hawawezi kufugwa ndani ya ndoo ya maji yenye sukari kama hamira.

Mwagilia kwa kiasi, usitie mbolea yoyote ya fosfeti, na uiache mimea ikue miezi mitatu hadi minne. Katika siku kumi za mwisho punguza maji hadi mimea inyauke, kwa kuwa wakati huo fangasi huelekeza nguvu katika kutengeneza spora. Kata mashina, acha vyungu wiki moja, kisha toa udongo, katakata mizizi vipande vidogo na uichanganye humo humo. Mchanganyiko huo uhifadhiwe kivulini, mahali pakavu na pa baridi, na utumike kabla ya msimu kupita. Usiuchanganye kamwe na mboji ambayo bado ina joto, kwa sababu lundo linalofanya kazi hupita nyuzi 55 za Selsiasi na litawaua. Subiri mboji ipoe kabisa, au utie viwili hivyo shambani kila kimoja kwa wakati wake.

Shambani

Kwa tuta la mita 10 za mraba, kilo 5 za mkaa zinatosha kwa mara ya kwanza. Hiyo ni karibu ndoo moja ya lita 20 ya mkaa uliopondwa na kukauka, na ni sawa na tani 5 kwa hekta. Utandaze ukiwa tayari ndani ya mboji, uuchanganye na udongo wa juu hadi kina cha sentimita 10 au 15, kisha funika kwa matandazo, kwani mkaa uliobaki juu huelea na kuondoka na maji ya mvua ya kwanza. Asiyekuwa na mkaa wa kutosha atumie mashimo ya kupandia: lita moja ya mboji yenye moja ya tano ya mkaa kwa kila shimo ina maana kwamba mashimo 40 yatatumia lita 8 tu za mkaa, na zote zitakuwa pale mizizi inapopita. Mimi hupendelea mashimo hata mkaa unapokuwa mwingi, kwa sababu udongo kati ya mistari hausumbuliwi.

Mchanganyiko wa fangasi uwekwe chini kabisa ya mbegu au chini ya mizizi ya mche, kiganja kimoja kwa kila shimo, ili mzizi mchanga ukutane nao katika siku zake za mwanzo. Kwa miche ya kitaluni, tia kijiko kimoja ndani ya kila kifuko kilicho na udongo wenye asilimia 5 hadi 10 ya mkaa uliolishwa. Mche ukihamishwa utakuwa umeshaambatana na fangasi wake, na hii ndiyo njia yenye uhakika zaidi kwa nyanya, pilipili na miti ya matunda.

Baada ya kupanda, kinachobaki ni kutovunja ulichojenga. Kulima kwa kina hukata nyuzi za fangasi, kwa hiyo palilia juu juu. Usiache shamba tupu baada ya kuvuna. Panda kunde au mmea mwingine wa kufunika udongo, kwa kuwa bila mzizi hai fangasi hubaki na spora tu. Baada ya msimu wa kabichi, fuatisha zao linaloshirikiana nao. Fahamu pia kwamba mkaa hunasa dawa za kuua magugu zinazotiwa udongoni, zikapoteza sehemu ya nguvu, na kuongeza kipimo ili kufidia si jibu. Heri jembe la mkono.

Msimu wa pili, chimba polepole pembeni mwa mmea na utafute vipande vya mkaa. Nyuzi za mikoriza ya mazao ni nyembamba mno kuonekana kwa uhakika bila hadubini na rangi ya maabara, lakini mizizi myembamba utaiona, na pale kazi ilipofanyika vizuri utakuta imekikumbatia kipande cha mkaa kiasi kwamba ukikivuta kinakuja nayo. Ukikuta mizizi imepita kando bila kukigusa, au mimea ya tuta la mkaa ikiwa dhaifu kuliko ya tuta la kulinganishia, usiongeze mkaa msimu huo. Ongeza mboji, pima pH tena, na uache mkaa uliomo ujae virutubisho kwanza. Tuta likiwa limeitika vyema, unaweza kuongeza kilo nyingine 5 kwa eneo lilelile, nami singevuka jumla ya kilo moja kwa mita ya mraba kabla ya kuona misimu mitatu au minne.